Kiwambo Si cha Sikio

Saa tatu asubuhi, fundi wa kuwamba viti anavuta ukanda wa turubai, anaugongea msumari mmoja, kisha anasimama. Anashika kiuno na kukodolea macho ukuta. Pumzi ikimrudia, anagonga msumari wa pili.

"Usiandike kwamba nimechoka," anamwambia mwandishi kabla hajaulizwa kitu. "Kuchoka ni kwa aliyefanya kazi. Mimi nimegonga misumari miwili."

Mtaani wanamwita Mama Viti. Ana miaka arobaini na tisa, na kwa miaka ishirini na miwili amewamba viti na makochi katika chumba hiki chenye dirisha moja. Zamani alimaliza viti vinne kwa siku. Siku hizi kimoja kikiisha, anashukuru Mungu.

Ugonjwa wake uko chini ya mapafu. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, kimepooza upande wa kulia. Kimelegea, kimepanda juu na kulibana pafu. Akilala chali, anahisi kama amekaliwa kifuani, ndiyo maana kwa miezi kumi na tisa amelala ameketi, kwenye kochi aliloliwamba mwenyewe.

Kabla ya kujua hayo, alitibiwa pumu miaka miwili. Wapo waliomwambia apunguze unene. Jirani mmoja akampongeza kwa ujauzito.

"Nina wajukuu wawili! Nikasema asante, nikafunga mlango."

Hatimaye daktari wa kifua alimsimamisha mbele ya mashine ya picha, akamwambia anuse kwa nguvu. Kwenye skrini, upande wa kushoto ulishuka na wa kulia ukapanda. Daktari akamweleza kwamba neva inayokiendesha kiwambo imekufa na haitafufuka, lakini msuli uliolegea unaweza kukunjwa na kushonwa ukakazika, pafu likapata nafasi.

"Nikamwambia, daktari, si useme tu mnakwenda kuniwamba!"

Upasuaji utafanywa kwa roboti, na neno hilo limemletea balaa jingine. Wifi yake haishi kuuliza umeme ukikatika itakuwaje. Mama Viti ameeleza mpaka ulimi umeota sugu: daktari ndiye atakayeketi pembeni na kuiendesha ile mikono myembamba kupitia matundu madogo.

"Nyundo yangu haijawahi kugonga msumari bila mkono wangu," anasema. "Wifi anaitikia, kesho anauliza tena."

Lakini kilichomchosha kuliko vyote ni karatasi. Barua ya daktari iliandikwa "kiwambo", basi. Karani wa miadi akaona hapo pana upungufu, akamalizia kwa wema wake: "cha sikio", yaani ile ngoma ya ndani ya sikio. Mama Viti akapanda ngazi thelathini na nane, akipumzika mara sita, akasubiri kwa muda wa saa nne, na daktari wa masikio akammulika na kumwambia yuko salama.

Alilalamika. Akaahidiwa marekebisho. Miezi miwili baadaye akapelekwa kule kule.

"Yule kijana daktari akaniamkia, 'Shikamoo mama, masikio yanaendeleaje?' Nikamjibu yanasikia upuuzi tu." Anacheka, cheko linamkata pumzi, anangoja. "Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Langu zima, na ndilo wanalong'ang'ania kulitibu!"

Safari hii ameahidiwa kupasuliwa Jumanne. Tarehe ikipotea, foleni inaanza upya, na daktari ameshamwonya kwamba pafu lililobanwa linazidi kusinyaa.

Simu inaita. Ni hospitali, inathibitisha Jumanne. Uso wake unakunjuka, kisha unakunjamana.

"Eti sikio la kulia au la kushoto?" anarudia. "Mwanangu, nisikilize. Si sikio, ni..." Pumzi inamwishia hapo hapo, mdomo wazi.

Mumewe, aliyekuwa akipanga mbao, anaichukua simu taratibu. "Kifua, ndugu yangu. Kiwambo cha kifua, upande wa kulia. Futa sikio. Umefuta? Haya, nisomee." Hakati simu mpaka amesomewa mara mbili.

Mama Viti anaketi kwenye kochi lake, pale palipobonyea kwa umbo la mwili wake. Akishapasuliwa, amekatazwa kuvuta turubai kwa wiki sita, na anajua wiki ya saba ataanza na kazi gani.

"Hili," anasema akilipiga kofi. "Nikishalala chali kitandani kwangu, nalifumua mpaka mbao."