Jogoo wa Mnada wa Nyegezi

Siku niliyoondoka Nansio, gatini walikuwepo hawa: mdogo wangu Nyamisi, aliyebeba begi langu kichwani; kitinda mimba wetu Bwire, aliyekataa kunipa mkono; jirani yetu Mama Debora, aliyeniletea mfuko wa machungwa; na baba mdogo Masatu, aliyekuwa akitazama maji muda wote. Wazazi wetu hawakuwepo. Baba alitangulia udongoni, mama akamfuata, na mimi mkubwa wao nikaacha shule kidato cha pili nikakalia cherehani ya mama.

Cherehani hiyo ndiyo iliyonitoa Ukerewe. Ilikufa kabisa, na fundi akasema nisipoteze hela. Baba mdogo akaitisha kikao cha ukoo. Wakaamua kwamba nisipopata kazi kufikia Krismasi, wadogo zangu wagawanywe: Nyamisi aende kwa shangazi Bunda, Bwire abaki kwa baba mdogo. Mimi nilisema kaburi limeshatugawa mara mbili, inatosha.

"Leokadia, sisemi kwa ubaya," baba mdogo aliniambia pale gatini. "Ukipata kazi, mimi nitakuwa wa kwanza kushangilia."

"Utashangilia, baba mdogo. Anza kuzoeza sauti."

Mama Debora akacheka. Bwire hakucheka. Meli ilipoachia gati nilikaa nyuma, nikawatazama mpaka wakawa madoa, na nikamwambia Mungu neno moja tu: tusigawanywe.

Mchana tuliingia Mwanza. Mawe makubwa yalikuwa yamekaa majini na juu ya vilima kama yalivyo siku zote, na nyumba zimepanda katikati yake. Nilikwenda moja kwa moja Nyegezi kwa Mama Koku, Mhaya aliyewahi kufundisha shule ya msingi Nansio. Mama yangu alikuwa fundi wake wa nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiyo wewe? Macho yaleyale ya mama yako, ila yeye alikuwa mnene. Ingia ule, mambo ya kazi yatasubiri."

Siku zilizofuata nilitembea. Nilianza Makoroboi, kwenye maduka ya vitambaa, nikapita kila baraza lenye cherehani. Wengine waliuliza, "Una cheti?" Wengine, "Una cherehani yako?" Mmoja alinipa kipande cha kitambaa nishone mfuko, akautazama, akasema atanipigia simu. Simu yangu niliishika mkononi hata nikila. Haikulia. Jioni moja ndala ilikatika mbali na nyumbani, nikarudi Nyegezi mguu mmoja peku, na kila hatua nilikuwa namwona Nyamisi anapanda gari la Bunda.

Jumamosi nilimwambia Mama Koku kwamba kesho siendi kanisani. Nimechoka, na sina hata sadaka.

Aliendelea kumenya ndizi. "Waliokukataa ni wenye maduka. Kanisani nani kakukataa?"

"Hakuna."

"Basi fua blauzi yako."

Jumapili asubuhi tulikwenda. Mchungaji alihubiri juu ya yule nabii aliyekimbilia jangwani, akalala chini ya mti na kuomba afe. Alisema Mungu hakumkaripia. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena, kwa sababu safari ilikuwa bado ndefu. Nililia kimyakimya. Nilikuwa nimedhani kuchoka kwangu ni kukosa imani.

Baada ya ibada tulitoka nje kwenye mnada. Kwetu wasio na fedha huleta mazao: mayai, muwa, mihogo, kuku. Vitu hivyo huuzwa pale mlangoni, anayepandisha bei ndiye mnunuzi, na fedha huingia kwenye sadaka. Mnadi alikuwa Mzee Luhende, Msukuma mrefu, ameshika jogoo mwekundu miguu juu.

"Jogoo huyu anaamsha hata wanaolala kwenye mahubiri! Baba Elia, mnunue, wewe unamhitaji!"

Watu walicheka, bei ikapanda. Ng'ambo ya umati Mama Koku akaniita kwa mkono. Nami nikainua wangu juu, kumwonyesha kwamba nakuja.

"Amekwenda! Jogoo wa dada mwenye blauzi ya kijani!"

Makofi yakapigwa. Jogoo akawekwa mikononi mwangu kabla sijafumba mdomo.

Ningeweza kukimbia. Lakini sikutoka Nansio ili nikimbie jogoo. Nikasema kwa sauti, "Mzee wangu, shikamoo. Sina hela. Nilikuwa nampungia mama."

Umati ulilipuka kwa kicheko. Mzee Luhende alifuta machozi. "Marahaba, mwanangu. Lakini mnadani mkono ukipanda haushuki mtupu. Una nini?"

"Nina mikono hiyohiyo. Inashona. Natafuta kazi, nina wadogo wawili na hatuna wazazi."

Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja wa kwaya akasogea, akampa mzee fedha. Aliitwa Mama Regina, ana chumba cha ushonaji karibu na stendi ya mabasi.

"Nimelipa ili watu wakale," akaniambia. "Deni ni lako, nawe utalipa jogoo kwa jogoo, hapahapa. Kesho uje nione hiyo mikono. Ukiharibu, unafumua."

Jumatatu nilifika kabla hajafungua. Zilikuwa sare za watoto, rundo hadi dirishani. Shati la kwanza nilipachika kola nje ndani, nikafumua mwenyewe kabla hajafika kwenye meza yangu. Aliona, akakohoa tu. Jioni akasema, "Kesho tena." Alisema hivyo kila jioni, hadi jioni moja akanionyesha chumba cha uani. "Watatu mtaenea, mkipendana."

Kabla ya Krismasi nilivuka kurudi Nansio. Baba mdogo alikuwa gatini. Nilipomwambia, alijaribu kupiga kigelegele, sauti ikakwama, akajifuta macho kwa kofia. Bwire ndiye aliyebeba begi langu safari hii, na meli ilipoondoka tulikuwa watatu upande wa nyuma.

Wewe unayesoma haya ukiwa umerudi nyumbani na miguu inauma, sina siri ya kukupa. Siku ile sikuwa na imani kubwa. Nilikuwa na blauzi iliyofuliwa, basi. Kula, lala, kesho nenda tena, na pale unapokwenda sema ukweli wako kwa sauti. Mungu huweza kuanza na mtu aliyekwenda tu.

Jogoo yuko kwa Mama Koku, na matetea wake wameshaangua. Tumechagua mwanawe mmoja mwekundu wa kupeleka mnadani. Bwire humwendea kila asubuhi na kurudi na taarifa ileile: bado anawika kama mlango mbovu. Kwa hiyo deni la Mama Regina lingalipo.