Mafuta ya Kondoo kwenye Bunduki ya Babu

Kila nikinusa mafuta ya kondoo sokoni Ngaramtoni, hasira ya bibi hunirudia. Bunduki ya marehemu babu ilikuwa inakosa nguruwe pori shambani, kwa sababu bibi aliupaka mafuta ubao unaoshika mtutu kila Jumapili, kuubariki, mpaka ukavimba na kuusukuma mtutu upande. Baba akanunua msasa, maduka yakiwa yameanza kujaa vitu tena baada ya miaka ya uhaba, akausugua ubao mpaka pakawa na nafasi ya karatasi kupenya kati yake na mtutu.

"Unamchuna baba yako!" bibi alifoka.

"Nanyoosha bunduki, mama, sio baba."

Risasi ya kwanza ya majaribio ilitoboa debe la shabaha katikati. Bibi alikuwa ameinama, anazoa unga wa ubao na kuufunga kwenye kanga.

Asubuhi baba alimwamkia, "Shikamoo, mama."

Bibi alimgeukia mbwa, akamuuliza kama amelala salama.