Spana Namba Kumi ya Nafula

Kuna siku moja bado naiona nikifunga macho, mwanangu, hata nikitaka kuisahau. Ni ile siku nililaza pikipiki ya bibi yangu chini kando ya barabara hapa Kitale, kama ng'ombe ya kuchinjwa, mbele ya steji yote ya boda, na ikakataa kuamka.

Ngoja nikueleze polepole, maana mimi si mtu wa kalamu. Shule niliwacha form two, na hata hiyo form two nilikuwa nakaa kando ya dirisha nikihesabu lori za mahindi. Lakini kabureta nilijua. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na moja, na kutoka hapa town mpaka huko eneo la Kwanza, ukiuliza fundi wa pikipiki, watu walikuwa wananyoosha kidole kwangu. Pikipiki ilikuwa inaweza kupita nikiwa nakula, nisikie mlio, nikwambie ni jeti imeziba, na sijawacha ugali. Hiyo ndiyo ilikuwa digrii yangu.

Bibi yangu ni Nafula, nilimwoa kutoka Bungoma. Yeye alisoma akamaliza. Kazi yake ni kupandisha ng'ombe. Anabeba mbegu ya ndume kwa mtungi wa baridi kali, na mkulima akipiga simu ati ng'ombe imeingia joto, anapanda pikipiki anaenda. Hiyo kazi haikungoji. Ng'ombe ikitoka joto kabla ufike, mkulima anakaa wiki tatu ingine, na hizo wiki zote anakusema.

Pikipiki yake ilikuwa nzee. Ilitoka kwa mradi fulani wa kilimo ulioisha, na haikuwa na kabureta. Ilikuwa ya injekta. Pampu iko ndani ya tanki, kompyuta ndogo iko chini ya kiti, na hiyo kompyuta ndiyo inaamua injini itakunywa mafuta kiasi gani. Mimi sikuipenda tangu siku ya kwanza. Pikipiki ikijiamulia mambo yake, fundi ni wa nini?

Basi ikaanza kumzimikia njiani. Mara mbili ilimchelewesha kwa kogo mmoja wa Saboti, mama mzee anaitwa Chebet (kogo ndiyo nyanya, huko juu mlimani), ako na ng'ombe moja tu kwa boma. Mara mbili joto ikapita. Kogo Chebet hakupiga kelele. Alisema tu, ya tatu ataita yule jamaa mwingine wa kupandisha, ako na pikipiki mpya. Na Nafula alijua Kogo akienda, majirani wote wanaenda naye, maana huko hakuna mtu ananunua hata jogoo kabla hajamuuliza Kogo.

Sasa hiyo siku nakwambia, pikipiki ilizima hapo karibu na steji yetu na Nafula akanisukumia. Nilifurahi. Vijana wote wananiona, bibi yangu ananiona. Nikafanya ile tunafanyanga za kabureta zikikataa: nikailaza na upande, nikaitingisha, mafuta ishuke. Nikaisimamisha, nikabonyeza. Kimya. Mbeleni ilikuwa angalau inakohoa, sasa hata kukohoa ikawacha. Nikaita vijana wanne tuisukume, tuiwashe na gia. Tulisukuma mpaka overoli yangu ikapasuka nyuma, na sitakwambia ni wapi.

Nafula alitoa simu, akapigia jamaa anaitwa Wekesa, fundi wa Bungoma, walisoma darasa moja. Akaweka spika. Sauti ikatoka imetulia kama ya mtu wa redio:

"Kuna mtu ameilaza?"

Nafula akaniangalia. Mimi nikaangalia barabara.

"Iko na kitu inasikia ikianguka, inakata moto isiungue," Wekesa akasema. "Zima swichi. Hesabu mpaka tano. Washa, ungoje usikie pampu ikilia kwanza, ndiyo ubonyeze."

Nafula akafanya hivyo. Pikipiki ikawaka. Mwanangu, vijana wa steji walipigia simu makofi. Simu. Na mimi nimesimama hapo nikipigwa na upepo kwa nyuma.

Hapo ndipo iliniingia. Sikujua inaitwa wivu, nilidhani ni njaa. Nilikula na haikutoka.

Wekesa alikuwa amesema hiyo shida ya kuzima bado iko, tumpelekee aione. Tukaenda Bungoma pamoja, mimi nyuma, nikiomba kwa roho jamaa awe mzee, ama mfupi, ama awe na meno mbovu. Alikuwa mrefu, na meno imepangwa laini. Aliniita shemeji, akanipea kiti. Hata hicho kiti kilinikasirisha.

Nikamwangalia akifanya kazi. Alinawa mikono kabla ashike pikipiki, mimi nanawanga nikimaliza. Akawasha swichi, akakaa tu akiangalia ile taa ya manjano ya injini. Ilikuwa inakonyeza. Mimi hiyo taa niliiona miezi mingi nikadhani ni urembo. Yeye alihesabu inakonyeza mara ngapi, refu na fupi, akafungua daftari, akasoma. Halafu akafungua tanki, akatoa pampu, na filta yake ilikuwa nyeusi kama sufuria ya matanga.

"Nani anawekanga mafuta?" akauliza.

Ilikuwa mimi. Mafuta ya chupa ya kando ya barabara, kidogo kidogo, vile watu wa boda tumezoea, tanki ikikaa kavu siku nzima. Akatueleza bila kunitaja. Ati pampu ya injekta inakaa ndani ya mafuta ndiyo ipoe. Ukiiwacha kavu inachomeka, na pia inavuta uchafu wote umekaa chini ya tanki. Isishuke robo, akasema. Akasafisha, akabadilisha filta, akakaza waya za betri. Soketi ya waya inayoingia kwa injekta ilikuwa imevunjika klipu, akaweka ingine mpya, akaisukuma mpaka ikalia *ta*.

"Hiyo sasa haitoki," akasema.

Tukarudi na pikipiki inanguruma kama mpya. Unadhani nilifurahi?

Kwa nyumba ikawa ni Wekesa. Wekesa amesema tusioshe na ile pampu ya maji ya kuosha magari, inaingiza maji kwa soketi. Wekesa amesema betri ikichoka kompyuta inachanganyikiwa. Siku moja Nafula alinipea chai nikauliza kama Wekesa amesema kitu juu ya sukari. Alicheka, akidhani ni mzaha wangu wa kawaida. Mimi nimekuwa mtu wa mzaha tangu nizaliwe, mwanangu, na shida ya mtu wa mzaha ni hiyo. Akilia, watu wanacheka. Nilikuwa naamka nikiona jina ya Wekesa kwa simu yake, wanaongea tu habari ya pampu, na roho yangu inachomeka kama hiyo pampu ikiwachwa kavu. Sikuwahi kumkuta na kosa. Ningemkuta na kosa ningepumzika.

Basi Jumapili moja Nafula akiwa kwa kwaya, nikainua kiti. Nikatoa tulzi zake, mfuko wa spana anawekanga hapo chini, nikachukua spana namba kumi, nikalegeza tanki, nikapata ile soketi ya injekta. Nikafungua klipu, nikaivuta kidogo, ikabaki imegusa tu. Nikarudisha tanki. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: asubuhi pikipiki itakataa hapa nyumbani, Nafula atashangaa, mimi nitafungua, nitasema angalia kazi ya huyo Wekesa wako, na kwa dakika mbili nitakuwa fundi tena kwa boma yangu. Hivyo tu. Sikutaka mtu aumie.

Asubuhi iliwaka. Iliwaka mara ya kwanza. Nafula alikuwa anaimba, maana Kogo Chebet alikuwa amepiga simu ati ng'ombe imeingia joto tangu jioni. Hii ndiyo ya tatu. Nilisimama kwa mlango na kikombe. Mdomo ulikuwa wangu, maneno yalikuwa matatu: ngoja nikufungie kitu. Nikayameza na chai. Niliona haya kwa dakika moja, na hiyo dakika ndiyo ilitosha akatoka kwa geti.

Barabara ya Saboti ilikuwa mbaya, mawe tu. Nafikiri aliendesha nusu ya njia kabla ile soketi iachane kabisa.

Simu yangu ikalia nikiwa steji. Haikuwa Nafula. Ilikuwa Wekesa. Alikuwa amempigia yeye kwanza, na hapo pia wivu ikanipiga, hata nikiwa mwizi bado nina wivu.

"Shemeji," akasema, "Nafula amenihesabia taa. Ni soketi ya injekta. Anasema hana spana ya kufungua tanki, ameitafuta kwa tulzi haioni. Wewe ndiye uko karibu."

Nikasema naenda.

"Shemeji," akasema tena, pole kabisa. "Hiyo klipu niliifunga mimi. Haijifungui."

Halafu akakata. Hakunitusi. Ningependa angenitusi.

Niliomba mtu pikipiki, nikapanda huko juu nikiruka mashimo. Nilimpata amekaa kando ya shamba ya mahindi, ameshika mtungi wake kama mtoto mgonjwa. Nikapiga magoti, nikatoa spana kwa mfuko wa overoli, nikalegeza tanki, nikasukuma soketi, ikalia *ta*. Ikawaka. Na Nafula, mwanangu, aliniwekea mkono kwa bega, akasema yale maneno nilikuwa nayatafuta mwezi mzima.

"Leo Wekesa ni nani mbele yako, fundi wangu?"

Nikatabasamu kama mbuzi. Na hapo macho yake ikashuka kwa mkono wangu.

Nafula anawekanga alama kwa vitu zake zote, asiibiwe. Spana zake anazipaka rangi ya kucha, ile nyekundu. Hiyo nilikuwa nimeshika ilikuwa imepakwa mpaka shingoni. Nilikuwa nimeisahau kwa mfuko tangu Jumapili.

"Hiyo spana yangu," akasema, "ilifika aje kwa mfuko yako?"

Nilifungua mdomo nitoe mzaha. Mara ya kwanza maishani sikupata. Nikamwambia yote, hapo hapo, injini ikinguruma.

Nafula alifunga mtungi nyuma, akasema nimfuate.

Tulipofika kwa Kogo Chebet, yule jamaa wa pikipiki mpya alikuwa ananawa mikono. Amemaliza. Nafula alisalimia Kogo vizuri, akasema: "Mwambie."

Nikamwambia. Kogo alikuwa ameshika fimbo ya ng'ombe na sikujua kama nitapigwa. Alinisikiza mpaka mwisho. Akaangalia ng'ombe yake, akaniangalia mimi, akauliza swali moja, na sauti haikupanda hata kidogo.

"Kijana, hii ng'ombe yangu ilikukosea nini?"

Nimejaribu kulijibu hilo swali miaka mingi sasa. Ng'ombe hata hakujua jina ya Wekesa.

Kogo alienda na yule jamaa, na majirani wakamfuata, vile Nafula aliogopa. Ilichukua miaka miwili wengine warudi. Kogo mwenyewe alirudi wa mwisho, na akirudi alisema anataka Nafula aje peke yake. Kwa nyumba nililala nikiangalia ukuta muda mrefu, na chai nilikuwa najipikia. Halafu Nafula akanipea adhabu moja tu: niende Bungoma kwa Wekesa, nimwambie na mdomo yangu, na nisirudi kabla nimejua injekta.

Nilienda. Wekesa alisikiza, akanipea tena kile kiti. Kazi ya kwanza alinifundisha ni kufunga ile klipu nikiwa nimefunga macho, mara kumi, mpaka nisikie *ta*. Nilikaa huko wiki mbili, mtu mzima, nikiuliza maswali kama mtoto. Na sikudanganyi, wivu haikuisha. Hata leo akinipigia simu nasikia kitu kidogo kinasonga hapa kwa kifua. Lakini sasa najua ni nini, siiiti njaa.

Hiyo pikipiki bado iko. Imechoka kuliko mimi, na inawaka.

Sasa nisikize, mwanangu, maana hii ndiyo nilikuwa naitafuta tangu nianze. Pikipiki ya injekta usiilaze, usiisukume betri ikiwa imekufa, tanki usiiwache chini ya robo, na taa ikikukonyeza uhesabu kabla ushike spana. Na hiyo ingine, wivu, ni kama hiyo taa. Mtu akijua kitu hujui, roho yako itakukonyeza. Usijifanye ni urembo. Kaa chini uhesabu, sema jina lake, halafu umwendee huyo mtu na umwambie nifundishe. Itakuuma siku moja. Ukikataa, utafungua kitu kilikuwa kimefungwa vizuri, na atakayebaki kando ya barabara si yule unamwonea wivu. Ni yule unapenda. Na kama tayari umefungua, sema ukiwa bado kwa mlango. Usingoje atoke kwa geti.

Mungu akupee mikono ya kufunga, mwanangu. Akupee wa kukufundisha bila kukucheka, na wa nyumbani atakayekungoja urudi umejua. Na ukipita barabara ya Saboti, uende pole, na umsalimie Kogo. Mwambie yule kijana bado anatafuta jibu.