Kafeini Katika Zabibu za Ruiru

Kosa langu la kwanza katika maabara ile ya Thika lilikuwa kukausha zabibu za mvinyo juu ya meza za waya za kiwanda cha kahawa, kule Ruiru. Msimu wa kahawa ulikuwa umeisha, meza zilikuwa tupu, jua la bure. Nikajiona mjanja.

Sikuwa na digrii. Mashine ya kupima uzito wa molekuli nilijifundisha kwa kijitabu chake, nikinawa mikono mpaka ngozi ikachubuka, nikihofia kurudishwa kuosha chupa. Kazi yetu ilikuwa kujua ni kemikali gani za mmea hubaki zabibu zikikauka. Siku hiyo, kwenye karatasi, mstari ukasimama kwenye uzito wa 194. Kafeini! Hakuna kitabu kilichowahi kuniambia zabibu ina kafeini, basi nikaamua mgunduzi ni mimi. Mjinga aliyejifundisha mwenyewe hana hata mwalimu wa kumlaumu.

Bosi, mwenye digrii mbili na macho ya kusomea gazeti tu, alifurahi kunishinda.

"Sasa umekuwa msomi! Wenye mizabibu wanakuja Ijumaa. Utawaeleza mwenyewe."

Nikarudi Ruiru kuchukua zabibu zilizobaki ghalani. Msimu mpya ulikuwa umeanza, na zile meza zilikuwa zimejaa kahawa, inaanikwa. Nilipangusa waya kwa pamba yenye spiriti, nikaipima: 194, vilevile. Nikapima zabibu mbichi za shamba zilikotoka zile kavu: hakuna kitu. Nikamwambia bosi.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza, bwana. Kwani wao wana mashine?"

Ijumaa bosi alivaa tai. Wageni walipomaliza chai akanisukuma mbele, nami nikasema, "Hiyo kafeini ni ya kahawa. Meza zilikuwa chafu, na aliyeanika zabibu ni mimi."

"Ngai!" mgeni mmoja akacheka. "Mmetutoa huko kote kuja kuonyeshwa uchafu wa kahawa?"

Bosi akacheka kwa nguvu kumshinda, eti alijua tangu mwanzo. Jumatatu nilikuwa kwenye sinki, naosha chupa. Nilikaa hapo hadi wageni walipotuma zabibu nyingine na bosi akashindwa hata kuiwasha mashine.

Nimerudi kwenye mashine. Siku hizi, kabla ya kupima zabibu yoyote, napima kwanza kile kilichoigusa.