Nilivyoigeuza likelemba ya majirani kuwa mfuko wa kucheza bei ya shaba

Wakuu, salaam kutoka Likasi, huku Katanga.

Sina kozi ninayouza, sina link, na ukinifuata inbox kuomba signal utanikuta nimelala. Nimekuja kusema ukweli tu. Kiswahili cha kuandika nimejifunzia humu humu jukwaani, kikipinda mnivumilie.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na moja. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa kwenye mizani ya malori kiwandani. Lori likija na shaba, napima, naandika, linapita. Nimepima shaba nyingi kuliko chumvi niliyokula.

Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Watoto wako mbali. Nyumba yetu iko Panda, kwenye kambi ya zamani ya wafanyakazi, vyumba vitatu na mimi mmoja.

Wasiojua upweke niwaambie ukoje. Ni kupika ugali wa mtu mmoja na kila siku unazidi.

Ndipo nikaanza trading kwenye simu.

Kwa wasiojua: sikuwa nanunua shaba yenyewe. Nilikuwa naingia mkataba juu ya bei yake tu. Ikipanda napata tofauti, ikishuka nalipa tofauti. Na unaweka pesa kidogo, kampuni inakuruhusu kucheza kana kwamba umeweka mara ishirini. Hiyo ndiyo leverage. Faida inakuja mara ishirini, na hasara nayo haisahau njia.

Mwanzoni nilicheza na vihela vyangu. Sikuwa na tamaa sana, nilipenda tu ile chati. Ilikuwa inatikisika, angalau kitu kimoja ndani ya nyumba kilikuwa hai.

Sasa, kila Jumapili baada ya misa tunakutana watu nane uani kwa Mama Odette. Ni mjane, marehemu mume wake nilifanya naye kazi. Tunakunywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, na Jumapili ya kwanza ya mwezi tunacheza likelemba. Kila mtu anatoa, mmoja anakula, mwezi ujao mwingine. Wa Kenya mnaita chama, wa Bongo mchezo.

Nikawa nawasimulia habari za bei ya shaba. Wakasikiliza! Wakuu, kwa mara ya kwanza tangu msiba watu walinyamaza ili mimi niseme.

Siku moja Mama Odette akasema: "Papa Ferdi, weye njo unajua bei ya mukuba. Juu ya nini franga yetu inalala? Ushike, uicheze, kisha tutagawa."

Mukuba ndiyo shaba, franga ni pesa, na "juu ya nini" kwetu ni kwa nini. Zamu iliyokuwa inafuata ilikuwa yake, na alitaka kubadilisha mabati, yameoza na masika yalikuwa karibu. Akakubali kusubiri miezi mitatu ili apate ya kutosha mabati mapya na mbao zake.

Nikafungua group la WhatsApp, nikaliita Fonds Mukuba, yaani Mfuko wa Shaba. Kila Jumapili nasimama na kusoma ripoti. Miezi miwili ya mwanzo tulipata faida, wakanipigia makofi. Kiti changu kikahamishwa karibu na jiko la makaa.

Nikampigia Clarisse, mtoto wa dada yangu, anafanya kazi ya sheria Lubumbashi. Nilitaka sifa tu. Nikapata somo.

"Tonton, ile haiko tena likelemba. Ile ni fonds. Ukikusanya franga ya bantu na unaicheza, inaomba agrément, serikali ikujue. Na mwenye kucheza hapashwi kuwa mwenye kulinda. Mwenye kulinda hapashwi kuwa mwenye kusoma ripoti. Weye uko bote batatu!"

"Ni majirani tu, Clarisse."

"Basi angalau patia Mama Odette code ya compte. Akuwe anaangalia yeye mwenyewe."

Nikamwambia hiyo namba ya siri ya akaunti nitafikiria kumpa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila huyu mkuu nilimbeba mgongoni akiwa na kinyesi, ningemsikiliza vipi?

Twende kwenye kosa lenyewe.

Mwezi wa tatu wa mfuko wetu umeme ukakatika mji mzima. Siku ya kwanza, ya pili. Viwanda vikasimama, malori yakapungua barabarani. Mimi mtu wa mizani nikakaa barazani nikahesabu malori, nikajisemea: shaba haitoki, kwa hiyo itaadimika, kwa hiyo bei itapanda. Dunia nzima bado haijajua, mimi najua!

Nikaingia na mfuko wote. Stop loss, ile amri ya kujitoa bei ikigeuka, sikuweka. Ni ya watu wasiojua shaba, nilifikiri hivyo kwa kweli.

Wakuu, bei ya shaba haipangwi barazani Panda. Inapangwa mbali na watu wasiowahi kuona lori letu hata moja. Siku hiyo ikatoka habari kwamba wanunuzi wakubwa wamepunguza oda. Bei ikaanza kushuka.

Nikaona inashuka. Nikataka kutoka. Simu ikazima.

Umeme ule ule niliotaka kutajirika kwa kukosekana kwake, ndio niliohitaji kuchaji simu.

Nikatoka mbio hadi sokoni kwa jamaa mwenye jenereta. Foleni. Nimekaa pale saa tatu nzima juu ya kreti, simu yangu iko kwenye rundo na za wengine. Ilipowaka, kampuni ilikuwa imeshafunga mkataba yenyewe, maana hasara ilikuwa imekula pesa tuliyoweka. Kilichobaki hakinunui hata bati la choo.

Nilirudi kwa miguu. Kilichoniuma zaidi, sikuwa na hata mtu wa kumwambia "nimeharibu".

Jumapili hiyo sikwenda. Wala iliyofuata, wala ya tatu. Walinipigia, sikupokea. Waligonga mlango, nikakaa kimya chumbani, mzee mzima najificha. Ile ya tatu mvua ikanyesha mchana kutwa. Nilikuwa chini ya bati zima, nikimfikiria Mama Odette anapanga mabeseni.

Ya nne nikaenda. Nikasimama mahali pale nilipokuwa nasomea ripoti, nikasema yote.

Hakuna aliyenitukana. Ni Papa Muteba tu, aliyechimba mawe ya chokaa Kakontwe hadi mgongo ukapinda, ndiye aliyesema: "Franga inapoteaka. Lakini weye nawe ulipotea. Juu ya nini?"

Nililia mbele yao. Sioni aibu kuandika.

Wakaamua likelemba irudi ilivyokuwa: pesa inatoka mkononi na kuingia mkononi siku ile ile, wote wanaona, hailali kwa mtu. Mimi nimetolewa kwenye zamu. Kila Jumapili ya kwanza naleta malipo kidogo kidogo. Malipo ya mwanzo, pamoja na redio yangu na baiskeli niliyouza, yalikwenda kwenye mabati ya Mama Odette. Sasa hayavuji, nimeyaona.

Somo? Ukishika pesa za watu na kuzicheza, wewe ni mfuko hata ukijiita majirani. Zile sheria za leseni na mlinzi wa pesa nilidhani ni za matajiri. Kumbe zimewekwa kwa ajili ya mtu kama mimi.

Ila nimeahidi ukweli, na ukweli wenyewe ni huu.

Ile code sikumpa Mama Odette kwa sababu angeona pesa mwenyewe, na nani tena angenisubiri Jumapili? Sikuwa nailinda faida. Nilikuwa nalinda kiti.

Na kuna jingine. Mwezi uliopita mwanangu mkubwa alinitumia pesa ya kumaliza deni lote la wale wengine. Iko kwenye kopo la majani ya chai la marehemu mke wangu. Sijailipa. Naendelea kupeleka kidogo kidogo, kwa sababu nikimaliza sitakuwa na sababu ya kugonga geti lile.

Jumapili iliyopita nilipotoa fungu langu, Mama Odette alinishika mkono.

"Papa Ferdi, ni franga njo inakuletaka huku, ao ni shiye?"

Shiye ndiyo sisi. Nikanywa munkoyo wangu nimesimama, nikaaga.

Keshokutwa ni Jumapili. Kopo liko mezani mbele yangu ninavyoandika. Wakuu, hasa wale mnaoishi peke yenu, semeni chochote, hata matusi nitasoma. Mkiwa mimi, mngelibeba lote?