Baisikeli za Makarani wa Kivinje

Asubuhi nikikaa kibarazani hapa Lindi, nawatazama watu wanaokwenda kazini kwa baisikeli: makarani, mafundi, walimu wenye haraka zao. Siku hizi ni wengi, hata kuvuka barabara kumekuwa kazi. Mimi mwili hunisisimka, na wajukuu wananicheka wakidhani naogopa kugongwa. Kaa hapa, rafiki yangu, nikwambie ni hofu gani.

Nilikulia Kilwa Kivinje enzi za Mdachi. Mwanzo baisikeli ilikuwa moja tu, ya bwana mkubwa wa boma, nasi watoto tuliikimbilia mpaka pumzi zikatuishia. Kisha mtu wa forodha akapata yake, kisha baba yangu, karani wa boma, kisha jirani yetu, karani mwenzake. Haukupita muda asubuhi ikawa kengele tupu. Baba alikunja kanzu hadi magotini, akanywa uji wa mtama wima wima, akapanda. Nilijiona binti wa sultani.

Barabara waliyopita ilikuwa ngumu, haina mchanga wa kuzamisha gurudumu. Waliishindilia watu wa mashamba waliokamatwa Mitole na kwingineko, askari kawasimamia na kiboko. Mmoja wao alikuwa kaka wa bibi yangu, mama yake baba. Mimi nilimwita babu. Alipoachiwa, kila Ijumaa alitushukia na asali na mihogo mikavu, nyumba nzima ikanukia nta. Yeye na bibi walicheka Kimatumbi chao, sisi hatuambulii kitu.

Halafu wanaoshuka kutoka mashamba wakaanza kupungua. Sokoni mafungu ya mihogo yakawa machache, na barabarani kengele zikazidi. Watu wa mjini hawakushtuka. Walikuwa wakibishana baisikeli ya nani ina mwendo.

Mara ya mwisho babu alikuja mikono mitupu. Shingoni kavaa kibuyu kidogo chenye maji, na tulikuja kujua baadaye ni maji gani. Nilimwamkia, akaitika marahaba bila kunitazama. Akamwambia bibi kwa Kiswahili, ili baba naye asikie:

"Dada, mwambie mwanao asije kwetu na chuma kile. Huko mwenye baisikeli ni mtu wa pamba ya Mdachi, ile tunayolimishwa kwa kiboko. Hawatamuuliza jina."

Baba alicheka. "Mjomba, nani wa kunigusa mimi?"

Haikupita wiki, baba akaamriwa kupeleka habari kwa akida, njia ya Mitole. Bibi alimsihi asiende, na kama lazima aende, aende kwa miguu kama watu wengine.

"Karani mzima niburure miguu, mama? Watu wataniona vipi?"

Alasiri ile baba akiwa msikitini, nilikuwa uani napepeta mchele. Bibi alitoka na shazia, ile sindano yake ndefu ya kushonea mikeka, akapiga magoti, akayatoboa magurudumu yote mawili, tundu baada ya tundu. Kisha akanigeukia.

"Mjukuu wangu, umeona nini?"

"Sijaona kitu, bibi."

"Haya, pepeta mchele."

Asubuhi baba alifoka mpaka mtaa ukasikia. Jirani akaja na baisikeli yake mpya akicheka. "Nipe safari hiyo, ndugu yangu. Adhuhuri nimerudi." Mkewe alimfungia vitumbua vya moto. Nilimtazama bibi. Alifungua mdomo, akamtazama baba, akaufumba.

Jirani hakurudi. Moshi ukaonekana upande wa Umatumbi, na vita vikawa vita. Babu hatukumwona tena, wala kaburi lake hatulijui. Kisha ikaja njaa, na wale waliokuwa wakitulisha ndio waliokufa kwa kukosa chakula. Ijumaa zile zilikwisha, na asali ya namna ile sijaionja tena.

Nilimpenda bibi, na tangu siku ile nilimwogopa. Mjane wa jirani, bibi alimtunza kama mwanawe. Kila jioni sahani ya kwanza ilikuwa yake, na watu wakamsifu bibi kwa huruma. Baba alizeeka, akafia kitandani pake, hajui.

Bibi alipofariki, mjane yule ndiye aliyemwosha. Alilia kuliko sisi sote, akisema duniani hakuwahi kupendwa na mtu kama alivyopendwa na yule. Mimi nilikuwa nammiminia maji kwa kata. Niliendelea kummiminia.