Visahani vya Mwakitolyo

Watu wakisikia kwamba niliwahi kutengeneza vioo, hudhani nasema habari za vioo vya kujitazamia ukipaka wanja. Vyangu vilikuwa vya kupeleka jua chini ya ardhi, na vilitoka ndani ya kompyuta zilizokufa.

Miaka ile ya tisini mimi na mume wangu tulikuwa na kibanda cha kutengeneza redio pale Kambarage, Shinyanga mjini. Yeye alikuwa fundi na mimi nilikuwa fundi, ila mteja akinikuta peke yangu lazima aulize, "Fundi yuko wapi?" Nilikuwa najibu, "Amekwenda kuoa," halafu naendelea na kazi yangu. Redio zao nilizitengeneza hivyo hivyo, huku nimenuna.

Kompyuta alituletea mfanyabiashara mmoja Mhindi, mwenye duka la vitambaa na godauni la mpunga. Radi ilikuwa imepiga, umeme ukaziunguza zote za ofisini kwake. Tulimwambia ukweli kwamba hatuziwezi, akasema basi zichukueni, zinanijazia nafasi. Ndani ya kila moja mlikuwa na kiboksi kizito cha chuma kilichofungwa kwa skrubu zenye kichwa cha nyota, na bisibisi zetu zote zilishindwa. Mume wangu alinoa spoku ya baiskeli mpaka ikaingia. Tulipofungua tukakuta visahani vya bati gumu, vina tundu katikati, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Vya kompyuta mpya viling'aa kuliko kioo chochote nilichowahi kushika. Vya zile za zamani vilikuwa na rangi ya chai iliyokolea, na hivyo tuliviweka kando tukiona havina kazi.

Mdogo wake mume wangu alikuwa anachimba dhahabu Mwakitolyo. Kule shimo la mchimbaji huitwa duara. Linashuka wima, kisha chini kabisa linakata kona kuufuata mwamba. Mishumaa inakula hewa na betri za tochi hazidumu, kwa hiyo mchana wanatumia jua. Mtu mmoja hukaa mdomoni mwa duara na kioo, anautupa mwanga chini, na kioo kingine kilichoegeshwa kule chini kinaugeuza uingie kwenye kona. Anayeshika kioo cha juu hulifuata jua kutwa nzima, na ndiye huyo huyo anayeangalia kamba. Vioo vyenyewe vilikuwa vya kunyolea, vidogo, na havikawii kupasuka.

Siku moja shemeji alitutembelea, akaona kisahani mezani. Alikigeuza, akautupa mwanga ukutani, akacheka peke yake.

"Shemeji, hiki hakivunjiki?"

Nikakidondosha kwenye saruji mbele yake. Alikiokota akakipiga busu, mjinga yule. Nilimpenda sana shemeji yangu.

Kazi ya vioo ikawa yangu, maana mume wangu hakuwa na subira nayo. Vile visahani vya rangi ya chai nilivikwangua kwa msasa wa maji, nikavisugua kwa dawa ya meno na pamba, taratibu, kwa kuzunguka, hadi navyo vikatoa mwanga. Nilivipigilia kwenye ubao kwa skrubu kupitia lile tundu la katikati, vingi kwa pamoja, na nyuma ya kila kimoja nikaweka vipande vya katoni ili kila kisahani kiinamie upande wake. Niliusimamisha ubao juani uani kwetu, nikawa naongeza katoni hapa na kupunguza pale, mpaka miduara yote ya mwanga ikakutana mahali pamoja kwenye ukuta wa jirani. Yule jirani alilalamika kwamba namchoma. Nilifurahi kupita kiasi.

Ubao ulikwenda Mwakitolyo, na sifa zikarudi Kambarage. Waliniambia kwenye kona ya duara sasa kuna mwanga mpaka unaona chembe moja ya mchanga inavyotofautiana na nyingine. Nilikuwa nakwenda kule mara kwa mara na mume wangu, nabeba visahani vipya, maana vumbi la mwamba linakwaruza vile vya zamani. Lakini mimi mwisho wangu ulikuwa kwenye kibanda cha mama ntilie. Duara halitaki mwanamke. Akisogea, mwamba unakasirika na dhahabu inahama. Ndivyo walivyoamini, na shemeji aliamini kuliko wote. Kioo changu kilikwenda mdomoni mwa duara, ila miguu yangu ndiyo iliyokuwa na nuksi. Nilimtania shemeji kwa hilo naye akawa anacheka, lakini hakunipisha hata hatua moja.

Kwa hiyo sikuwahi kuona kazi yangu ikifanya kazi. Sikujua inavyoshikwa, wala yanayofanyika pale mdomoni, na hakuna mwanamume aliyeona haja ya kunieleza.

Siku yenyewe mawingu yalikuwa yanapita tangu asubuhi, maana mvua zilikuwa zimeanza. Mimi na mume wangu tulifika shemeji ameshashuka, hajui kwamba nimekuja, nami nilikuwa kwa mama ntilie, tunachambua mchele. Tulisikia kishindo cha chini kwa chini, kama gunia la mpunga linaposhushwa kwenye lori, kisha wanaume wakaanza kukimbia, wakisema duara limeporomoka na shemeji yumo. Sisi wanawake tulisimamishwa mbali, na mtu akatuwekea tawi la mti chini tusilivuke.

Aliyetusimulia ni mwenzake shemeji, ambaye alikuwa amepanda juu na kiroba cha mawe muda mfupi tu kabla. Walimkalisha karibu yetu, wamemfunika blanketi. Alisema mzee wa kamba, yule mshika kioo cha juu, aliona udongo unachanika nyuma ya magogo ya kuzuilia. Akafanya kama walivyozoea miaka yote: akaweka kiganja juu ya kioo. Kelele za nyundo huizidi sauti ya mtu, kwa hiyo giza ndilo lililokuwa amri yao. Giza likiingia ghafla, kila mtu anaacha alichoshika anatoka.

Kiganja kinafunika kioo cha kunyolea. Hakifuniki ubao wa visahani.

"Mwanga ulipungua tu," alisema yule kijana. "Mimi nilikuwa naipanda kamba. Shemeji yako akapiga kelele, 'Wingu hilo, litapita.' Nikamsikia anaendelea kugonga."

Nilimwuliza kwa nini hawakuniambia habari ya kiganja. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Mambo ya mdomoni mwa duara mwanamke anaambiwa ya nini? Nilitaka kumpiga, na blanketi lake lile. Ningeshona pazia la kitambaa cheusi la kudondosha mbele ya ubao. Ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye cherehani, nami nilikuwa nayo.

Mchana mwenye duara alikuja mwenyewe hadi kwenye lile tawi. Wanaume wote wenye nguvu walikuwa chini wakichimbua, mume wangu akiwa wa mbele na mzee wa kamba nyuma yake, na aliyeachiwa ubao alikuwa anatetemeka, mwanga unacheza cheza, hawaoni wanachokifanya.

"Mama Fundi," alisema, bila kunitazama usoni, "njoo ushike kioo."

Nililivuka lile tawi. Nilishika ubao wangu, nikalitafuta jua, nikautuliza mwanga chini. Ndipo nilipoliona duara kwa mara ya kwanza: jembamba, limelowa, na kule chini mgongo wa mume wangu. Walikuwa wameshapata upenyo kwenye kifusi, wa kupitisha mkono. Na kutoka kwenye upenyo ule niliisikia sauti ya shemeji, kavu lakini ya kwake kabisa.

"Kaka, miguu siisikii."

"Tunakuja, mdogo wangu. Vumilia."

"Mwanga nauona. Nani kashika kioo?"

Mume wangu aliinua uso, ukaingia moja kwa moja katika mwanga wangu. Ulikuwa umejaa udongo, na alikuwa ananitazama bila kuniona kwa jinsi nilivyommulika. Mwenye duara, kando yangu, aliweka kidole mdomoni. Nilielewa. Shemeji angejua kuna mwanamke mdomoni mwa duara, angejihesabu amekwisha.

"Mzee wa kamba," alijibu mume wangu.

"Ahaa. Mwambieni shemeji wabeja," alisema yule mdogo wake, na wabeja ndiyo asante yetu sisi Wasukuma. "Visahani vyake vinafika mpaka huku."

Machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Niliumia, na nilikuwa na hasira, na vyote viwili nilivimeza kwa sababu ubao ukitikisika wao hawaoni. Wingu lilipita, mwanga ukafifia, wakachimba kwa kupapasa. Jua likarudi. Udongo uliporomoka tena kidogo, wakaanza upya. Jioni kivuli cha lundo la mawe kilianza kuupanda ubao wangu, kisahani kimoja baada ya kingine, nami nikawa nauinua juu ya kichwa kuukimbiza.

"Mzee," shemeji aliita, na safari hii hakuwa anamwita kaka yake. "Mzee wa kamba. Naona giza. Bado upo hapo juu?"

Mzee wa kamba alikuwa chini, ubavuni mwa mume wangu, na sauti yake ingetoka karibu mno, ajue tumemdanganya. Wote waliinua macho kunitazama. Nilifungua mdomo, na mwenye duara akanishika bega kwa nguvu, nikaufunga. Niliusogeza ubao kidogo, mwanga ukacheza kwenye ule upenyo, nikaomba auone na umtoshe.

Aliita tena. Halafu hakuita, na nyundo zikaendelea kwa muda kabla mume wangu hajaziambia zinyamaze. Nilikuwa juu ya shemeji saa zote zile, na alikufa akijua nipo Kambarage.